Gramu na Sentimita

Jumamosi, duka la vifaa vya mlimani, mjini Tolmin.
Nimelala sakafuni, viatu nimevua,
wateja wananiruka kama dimbwi la mvua.
Blaž, kijana wa dukani, ameniinamia:
"Hili ni gramu mia tatu na arobaini, mama.
Ukilikunja linaenea ndani ya kikombe."
Sikumuuliza linaenea wapi.
Nilitaka kujua mimi nitaenea wapi.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake,
basi nalala.
Nalalia ubavu, kama tangu usichana,
goti juu ya goti, kiganja chini ya shavu,
nangoja mfupa wa nyonga useme.
Haukawii.
"Hapa, Milojka. Hapa pana saruji."

Miaka thelathini na mmoja nilikuwa muuguzi, zamu ya usiku.
Naijua mifupa inayolia kabla ya mwenyewe:
bega, nyonga, kifundo, kisigino.
Kila baada ya saa mbili tuliwageuza wagonjwa,
kushoto, chali, kulia,
tukaandika kwenye karatasi iliyoning'inia miguuni pa kitanda,
maana mwili ukiachiwa uzito wake mahali pamoja
huanza kujila.
Kwa hiyo usinitajie gramu, kijana.
Nitajie sentimita.

Tinkara, mtoto wa kaka yangu, anacheka.
Yeye mswaki wake kaukata nusu,
lebo za nguo kazing'oa kwa mkasi,
na lile la rangi ya limau, jembamba, keshalikumbatia.
"Shangazi, utabeba chumba kizima!"

La pili nililikataa kwa makelele:
ukijigeuza tu, linachakarika
kama karatasi ya peremende katikati ya mahubiri.
La tatu linateleza. Ningeamka bondeni.
La nne lilikuwa pana, zito, la rangi ya matope,
kimo chake sentimita tisa,
na ndani lina tabaka la kuzuia baridi,
kwa sababu baridi ya usiku mlimani
haishuki kutoka angani kama watu wanavyodhani.
Inapanda.
Nyonga ikanyamaza.
Nikasubiri kidogo. Ikanyamaza bado.
Nikalipa bila kuitazama bei mara mbili,
kama mtu anayemeza shubiri.

Mwezi wa tisa, malishoni,
mfugaji katuruhusu kulala nyuma ya zizi
mradi tusiwashe moto.
Tinkara alijaza lake kwa mfuko wa upepo, dakika moja.
Mimi nilipuliza kwa mdomo.
Pumzi arobaini na tatu, nilizihesabu,
nyota zikaanza kunizunguka kabla hazijatoka.
Nikakaza kizibo.
Nikapumzika juu ya pumzi zangu mwenyewe.

Saa nane usiku nikasikia
fsss,
ndogo, ya aibu,
kama mtu anayenong'ona deni lake.
Kisha kimya. Kisha kengele ya ng'ombe mmoja.
Kisha msichana anajigeuza,
anajigeuza tena,
na mimi sauti ya mfupa juu ya jiwe
siifananishi na nyingine.
Alikuwa amejikausha. Kiburi cha kwetu hicho,
baba yake alivunjika kidole akamaliza kuvuna nyasi.

"Sogea huku," nikasema.
Habari za gramu sikuzigusa.
Akaja na baridi yake yote, miguu kama vijiko,
tukalala mgongo kwa mgongo juu ya lile tope langu pana,
nalo likazama kidogo, likatubeba.

Alfajiri, ukungu umegandamana na hema,
niliamka kabla ya kuamka:
mkono wangu ulikuwa begani mwake,
unamgeuza taratibu, kutoka kulia, chali,
naye hajui, amelala fofofo, mdomo wazi,
na mkono wangu wa pili unapapasa gizani
miguuni petu
ukitafuta karatasi ya kuandikia.