Kasha la Letasi

Nimeipima kwa shubiri meza ya Letasi:
cherehani huku, kule madaftari ya chama,
katikati shubiri moja na nusu. Basi.
Kasha lisizidi hapo.

Dukani, Arua, Adiga ananipangia vipande
kama muuza nyama: prosesa ya mtumba,
bodi ndogo, diski isiyo na sauti.
"Chukua na kadi ya picha, ucheze gemu."
Si yangu, namwambia. Ni ya mtu
anayejumlisha madeni ya watu usiku,
mtoto kalala; feni ikinguruma, tumekwisha.

Laki sita na nusu, nimezihesabu mara tatu.
Kadi naikataa. Kumbukumbu naongeza,
giga nane ziwe kumi na sita,
maana yeye hafungi kitu: madirisha ishirini,
hata mlango wa jikoni huuacha nusu.

Pawa saplai ya bei ya kutupa sitaki.
Umeme wetu mnaujua.

Imebaki elfu nne.
Nalifunga kasha kifuani kwa kitenge chake kikuukuu,
namwambia wa boda: polepole, kaka,
pale mbele ya soko pana shimo.

Na skrini? ataniuliza.
Skrini ni mwezi ujao.