Mikwaruzo

Miaka ishirini na sita watu wa Ngamiani wamenilipa
niondoe mikwaruzo.
Redio ya Bi Mwanahija inakoroma taarifa ya habari ikianza;
naifungua mgongo, napuliza vumbi,
nagusa kiungo kwa lehemu ya moto,
inatulia. Shilingi elfu tatu.
Mimi ni fundi wa kunyamazisha.

Kisha akaja Dakta Rukaya Shekiondo,
viatu vina tope jeupe la Amboni,
sanduku jeusi kwapani.
"Fundi," akasema, "mikwaruzo yangu imepotea.
Nitafutie."

Haikuwa redio. Kilikuwa kipande cha plastiki
kinachomeremeta kikipigwa na kitu nisichokiona,
jicho la kudaka huo mmeremeto,
na waya uliokatika.
Nikauunga. Tukasubiri.

Tk.
Tk, tk.
Kimya kirefu. Tk.

"Hicho nini?"
"Nyota ilikufa," akasema,
kama mtu anayesema mkate umekwisha.
"Ilikufa kabla Tanga haijawa na jina.
Chembe zake zikakimbia, zikagonga hewa huko juu,
juu kuliko ndege ya Pemba,
vipande vikazaa vipande,
na hiki kimoja kimefika dukani kwako."
Nikatazama bati. Halikuwa na tundu jipya.

Sanduku moja tukalifunga juu ya paa langu,
Barabara ya Kumi na Tatu.
La pili akalipeleka pangoni, chini ya mwamba na popo.
La juu lilihesabu nyingi,
la chini chache, zile zenye kichwa kigumu.

Kazi yangu kuandika kila saa
katika daftari la madeni:
kushoto wanaodaiwa, kulia mbingu.

Siku ya tano nikaona kasoro.
Saa nne asubuhi hesabu inashuka.
Saa nne usiku inashuka tena.
Nikasema ni mkono wangu; nikaunga upya. Ikashuka.
Nikalaumu umeme; nikafunga betri ya pikipiki. Ikashuka.
Sikulala. Fundi ana fahari yake.

Rukaya alicheka mpaka akakalia ndoo.
"Hukukosea. Hewa nayo hujaa na kupwa.
Jua huipasha, nayo huvimba na kutua mara mbili kwa siku.
Saa nne huwa nzito, chembe zinachoka njiani.
Fundi, umepima uzito wa anga kwa waya wa redio!"
Nikaagiza chai. Nikalipa mimi.

Bi Mwanahija akasikia, akaja na kanga begani.
"Mwanangu ana mimba ya miezi saba. Vinampita?"
"Vinampita. Vilimpita na bibi yako.
Hewa ndiyo inayopokea kipigo, sisi tunapata makombo."
"Na mvua, vinaleta?"
Rukaya alikaa muda.
"Wapo wanaosema vinapanda mbegu za mawingu.
Nimepima miaka minne. Sijui."

Mtaa huu una wasomi,
lakini neno hilo sikuwahi kulisikia kwao.
Bi Mwanahija aliitikia kwa kichwa, polepole,
kama aliyerudishiwa chenji sahihi.

Nyingine, aliniambia siku ya kuondoka,
hugonga naitrojeni, ikageuka kaboni,
kaboni ikanyonywa na mkonge wa Pongwe,
mkonge ukasokotwa, kamba ikafungiwa mbuzi.
Tangu hapo siwezi kumpita mbuzi wa jirani
bila kutazama shingo yake.

Jana ile redio imerudi.
Nikafungua, nikapuliza.
Chini kabisa ya sauti ya mtangazaji
mkwaruzo ulibaki, mdogo, kama chumvi kwenye uji.
Nikashika chuma cha lehemu, kimeshapata moto.
Nikakirudisha mezani.

Nimemrudishia vilevile.
Nimechukua elfu mbili na mia tano.
Hajalalamika.