Jalada la Mizinga Mitatu

Masjala ya zamani, Tabora, nyuma ya mahakama:
dirisha moja, popo wawili, na majalada
yaliyofungwa kwa kamba za katani
tangu mtu wa mwisho aliyejua mpangilio wake
alipostaafu, akafa.
Nimepewa glavu, brashi ya kupakia rangi, na skana
inayopiga mwanga kama radi isiyo na mvua.
Kurasa mia nane kwa siku, alisema afisa wa Dodoma,
akapanda gari kabla chai haijapoa.

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Hapa daftari ndilo lililokuwa likipotea,
mchwa wakilisoma kutoka nyuma kwenda mbele:
hukumu kwanza, kisha ushahidi, kisha majina.

Jumanne nilifungua Shauri la Madai
namba 43 la mwaka 1958.
Harufu ilitoka kabla ya maneno: nta.
Kielelezo B, kipande cha sega
kilichobanwa kwa pini iliyoota kutu,
na karatasi inayokizunguka imelowa mafuta
hadi mwanga unapita.

Mdai: Mke wa marehemu Kapaya, wa Ndevelwa.
Mdaiwa: Sizya, nduguye marehemu.
Madai: mizinga mitatu, iliyotundikwa kwenye mininga
ng'ambo ya kijito.
Karani, mwenye mwandiko uliolala kama nyasi za masika,
aliandika yote: idadi ya madebe,
shilingi kumi na mbili za ada,
hata kimya: "Mdai akanyamaza kidogo, akasema,
Nyuki hawajui kuwa bwana wao amekufa."
Hakuandika jina lake.

Kompyuta haikubali kisanduku kitupu.
Ukikiruka, kinageuka chekundu.
Nikaandika "Mke wa Kapaya," nikafuta.
Nikaandika "Hajulikani," nikaona haya,
maana chini ya ukurasa wa tisa
palikuwa na dole gumba lake,
wino wa zambarau, limeegemea kushoto,
kovu likiikata mistari katikati
(kisu cha kurinia asali?).
Nilikuza mara nne, mara nane,
kidole kikajaza kioo kizima
kama shamba la matuta likitazamwa kutoka angani.
Serikali ilimjua kwa mistari hii.
Jina ni kitu kingine. Jina huitwa.

Umeme ukakatika.
Feni ikaendelea kidogo kwa mazoea.
Huko stesheni kichwa cha treni kilikuwa kikibadili njia,
chuma kikigonga chuma.
Sikudhani wa dirisha la malipo akaja kuazima chaja,
nikamweleza, naye akacheka:
"Tafuta stakabadhi.
Mahakama inaweza kusahau jina lako,
keshia hasahau."

Stakabadhi ilikuwa nyuma ya sega, imenata.
Kuibandua ni kuiharibu, kuiacha ni kuificha.
Nikawasha tochi ya simu, nikauinua ukurasa,
nikasoma kinyumenyume, kupitia nta:
K, a, l, u,
na baada ya hapo tundu la mchwa,
duara safi, kama nukta.

Kalunde? Kaluwa?
Sikulipwa kubuni.
Umeme uliporudi niliandika herufi nne,
na mbele yake: "iliyobaki imeliwa."
Kisanduku kikakubali.

Hukumu sikuiona. Ukurasa wa kumi na moja haupo,
sijui mizinga ilikwenda kwa nani.
Lakini skana imelichukua hata tundu,
kivuli chake, ukingo wake wa kahawia.
Sasa liko mbali, kwenye seva, katika chumba chenye baridi,
haliwezi kutanuka tena
wala kuzibwa.

Glavu zilinata mpaka jioni.

Namba 44 ni kesi ya mbuzi.
Kurasa mbili tu, mwandiko uleule,
na mbuzi wote wanne
wametajwa kwa majina.