Unga wa Mbao

Mara ya tatu leo.
Nilikuwa kwenye hesabu ya mbili kwa sita za Mzee Kikoti,
skrini ikageuka bluu,
bluu kama anga la Mafinga mwezi wa sita ukungu ukishaondoka,
ila hii haina jua,
ina maandishi meupe, yanaomba radhi kwa Kiingereza.

Chengula alisema piga windo upya.
Ikapigwa. Siku mbili, ikaanguka.
Akasema virusi. Nikafuta hadi visivyokuwepo.

Usiku huu nimeilaza ubavu,
skrubu nne nimezing'oa kwa kisu cha jikoni.
Ndani, msonobari mtupu:
unga umeziba feni, umetanda juu ya memori,
laini, mkavu, unanukia kama koti la baba
tangu enzi za msumeno wa kwanza.

Miaka kumi na mmoja tunauvuta pamoja, mimi na mashine hii.
Yeye kapata wa kumfungua.

Ufutio wa Sigilinda, wa darasa la nne.
Nasugua meno ya memori polepole
mpaka dhahabu inajitokeza.

Nawasha.
Feni inakohoa. Nakohoa.
Mikono kwapani, baridi inapita chini ya mlango.
Saa nane na robo, bado haijawa bluu.
Skrubu sijazirudisha.