Mara Ngapi

Basi la saa kumi na mbili na dakika tano asubuhi
linaingia handakini, chini ya bahari,
kilomita kumi na moja bila choo.
Nimezihesabu kama mwingine anavyohesabu deni.
Katikati, pale njia zinapokutana
na taa za buluu zinamulika mwamba,
watalii hutoa simu wapige picha.
Mimi hukaza macho, hukaza vidole vya miguu,
hukaza kila kinachokazika,
nikilibembeleza tumbo kama mama
mwenye mtoto anayetaka kulia kanisani:
bado kidogo, bado kidogo.

Begini nina sare mbili badala ya moja,
chupi tatu, vidonge,
na kitabu cha famakolojia
kinachonieleza mimi kwa aya moja na nusu.
Chanzo, kinasema, hakijulikani.
Shangazi Sunnvør alikuwa nao pia,
ila enzi zake uliitwa tumbo bovu
na ukafungiwa mlango.
Binamu Jóannis anasema ni mawazo tu:
nile nyama ya kondoo iliyokaushwa kwa upepo
kama waliotutangulia, nitapona.
Huo ni utumbo, nikamwambia.
Hakucheka.

Siku ya usaili wa chuo cha uuguzi
daktari aliinua miwani.
Una uhakika? Zamu ni saa nane, miguu wima,
na wewe, akatafuta neno la adabu,
na wewe mwenye haja za mara kwa mara.
Nikamjibu: haja yangu kubwa ndiyo hii.
Akaandika kitu. Mpaka leo sijui aliandika nini.

Sista Bergljót hakuniuliza chochote.
Siku ya kwanza wodini alinipa ufunguo
wa mlango mwembamba kando ya chumba cha dawa,
akaufunga mwenyewe kwenye utepe wa kitambulisho changu.
Ukitaka kusaidia watu, akasema, jisaidie kwanza.
Akaenda zake kubadilisha shuka.

Kila wiki ya nane nahama upande wa dripu.
Jana nikiuguza, leo nauguzwa,
korido ni ileile, kiti ni kilekile,
na wenzangu wanaoniita kwa jina
wananiuliza bado tarehe yangu ya kuzaliwa,
maana ndivyo tulivyofundishwa.

Juzi, kitanda cha nne: Rókur, miaka kumi na saba,
golikipa, mikono mirefu isiyojua pa kukaa.
Nikashika kalamu.
Tangu usiku, umekwenda mara ngapi?
Mbili, akasema, akitazama dirisha
ambako hakukuwa na kitu
ila ukungu juu ya maegesho ya magari.

Naijua mbili hiyo.
Nimeisema mbele ya mama, mbele ya kocha wa makasia,
mbele ya mvulana aliyenipikia chakula cha jioni
huku mimi nimefungulia bomba la maji
asije akasikia.
Mbili ni namba ya watu wanaoalikwa tena.

Nikaandika mbili.
Nilipaswa kwenda kitanda cha tano. Sikwenda.
Mimi pia nilikuwa nasema mbili, nikamwambia.
Zilikuwa kumi na nne.

Akageuka. Akautazama ufunguo, kisha viatu vyangu.
Na damu?
Na damu.
Na bado unafanya kazi hapa?
Leo, ndiyo. Kesho sijui.
Halikuwa jibu la kitabuni,
na sikuwa na lingine.

Mashine ya jirani ikalia, ikanyamaza.
Tisa, akasema, akiuambia ukuta.

Nikaikata mbili kwa mstari mmoja, kama inavyotakiwa,
nikatia sahihi pembeni, nikaandika tisa,
na nilikuwa naitafuta kauli nzuri ya kumwachia
tumbo langu liliponiita,
si kwa upole.
Nikakimbia korido nzima, ufunguo ukinigonga kifuani,
na nyuma yangu nikamsikia kijana
akihesabu kwa sauti, wodi nzima isikie:
Moja!