Mizani ya Karani

Nilikuwa ni karani, Newala kwenye bohari,
Kalamu i mkononi, najaza hati za gari,
Na jioni barazani, naandika mashairi:
Nane huku, nane kule, haizidi hata moja.

Somoe akinicheka, vidole nikihesabu,
Moja ikiongezeka, naona kama aibu,
Naing'oa, naiweka, ikae kwa taratibu.
Magunia ya korosho, sikuyahesabu hivyo.

Mnada ulipokwisha, Fuso likaja kubeba,
Mlangoni paonyesha, mwisho wake tani saba,
Jua halijafifisha, rangi nyekundu ya shaba.
Themanini na saba tu, magunia, si zaidi.

Mwenye gari ni Chilumba, kanijia na salamu:
"Malenga unayetamba, kwa tungo zenye utamu,
Namba na ibaki namba, korosho siyo haramu.
Ongeza arubaini, hati usiibadili."

Noti tano bahashani, akazichomeka shati.
Nikawaza za nyumbani: jikoni hakuna bati.
Namba ile ya mwanzoni, ikagongwa kwenye hati.
Wino ulipokauka, wachukuzi wakapanda.

Matairi yakavimba, pembeni kama mashavu,
Utingo alijigamba, kakaza kamba kwa nguvu,
Dereva, mtu mwembamba, akila papai bivu:
"Leo gari litasema," neno lake ni hilo tu.

Uzito una kicheko, ukiwa umetulia,
Wangojea teremko, ndipo huanza kulia,
Husukuma nyuma yako, ukiomba kusalia.
Hilo sikulifahamu, mimi na vina vyangu tu.

Walishuka saa nane, ukungu umefunika,
Mizani isiwaone, njia ya panya kushika,
Kona mbili, tatu, nne, magurudumu yawaka.
Breki yasema: simama; uzito wasema: twende.

Hapa mstari unazidi. Uacheni uzidi,
kwa sababu gari lililobebeshwa magunia arubaini yasiyo yake halisimami anapotaka dereva, husimama linapotaka lenyewe,
na lilitaka kona ya sita, nyumba ya udongo yenye mlango wa buluu, nyumba ya Bi Nambahu, ambaye usiku ule alikuwa msibani Mkunya,
na korosho zikamwagika hadi kitandani kwake.
Utingo, Mchopa, alikuwa amelala juu ya turubai.
Tulimtafuta chini.
Tuliyaondoa magunia moja moja, na mimi, bila kutaka, nahesabu kwa sauti: sabini, themanini, themanini na saba.
Hapo nikanyamaza. Wenzangu wakaendelea kuinua.

Polisi waliisoma, hati wakaona sawa,
Namba yangu ilisema, gari halikuzidiwa,
Dereva wakamwandama, kwa mwendo kahukumiwa.
Bati nilishanunua; mvua inahesabu.

Mama'ke kaniuliza, "Yalikuwa ni mangapi?"
Kinywa changu nikakaza, jibu nilitoe wapi?
Chai akanijaliza, kikombe kile kifupi,
Ikafurika sahani, nami sikusema: basi.

Sitaki kuonya mtu, sina uso wa kuonya.
Namba ile, ndugu zetu, ni mimi nilodanganya.
Kesho kwenye saa tatu, kituoni nitapenya.
Nane huku, kule tano: nimepunguza.