Ukoko

Umeme umerudi saa mbili asubuhi
na mimi, badala ya kuushangilia, nachomoa waya ukutani.
Ndiyo bismillahi ya fundi: chomoa kwanza.
Mashine ya barafu, ukubwa wa sanduku la bati la shule,
tuliinunua kwa nesi aliyehamishiwa Urambo,
laki na themanini, na kijiko chake cha plastiki juu.

Maji ya kisima chetu hapa Isevya yana chumvi.
Ukiyanywa, ulimi haushtuki.
Mashine imeshtuka. Imeweka kumbukumbu:
ukoko mweupe kwenye vile vidole tisa vya chuma
vinavyochovya majini vikiwa uchi
na kutoka vimevaa barafu.

Na chini ya tangi, kwenye kona, ute.
Sikutaka kuuona.
Utelezi wa pinki hafifu, kama ulimi wa paka,
nasi tumeshatafuna barafu ya humu mwezi mzima.

Baba yangu, Mihayo, aliosha matumbo ya magarimoshi
karakana ya reli, enzi za mvuke.
"Moto hauui injini," alikuwa akisema, "ukoko ndio muuaji.
Hauna haraka. Unaingia na maji safi."
Jioni alirudi na nyusi nyeupe
Mama akamuuliza ameoka mkate gani huko.
Mimi ukoko niliojua ni wa wali,
ule tuliogombania na Kashindye
mpaka sufuria ikaomba talaka.

Siki kidogo, maji ya uvuguvugu.
Yakichemka yatapinda plastiki.
Naiwasha inywe, inakoroma, inacheua,
naizima, nachomoa tena, nakaa nusu saa juu ya ndoo
nikinusa kachumbari isiyo na kitunguu.
Kisha kizibo cha mpira, chini kabisa,
na yote inayamwaga bakulini:
maji ya kijivu, na vigamba, vigamba, kama vya samaki.

Mswaki ni wa Nyamizi, wa zamani.
Yeye yuko chumbani, kalala ubavu wa kushoto.
Mwezi wa sita huu.
Wenzake hutamani udongo wa pemba, wengine majivu,
yeye barafu. Saa nane za usiku nasikia
kwacha, kwacha, gizani,
kama kuna mtu anatembea juu ya kokoto
akija kwetu taratibu.

Mwaka juzi tulifika mwezi wa tano.
Hatulisemi.
Tunasema bei ya mchele, tunasema bati linavuja,
vijisoksi vipo ndani ya begi, juu ya kabati,
na begi lina zipu, na zipu hatuigusi.

Kwa hiyo nasugua.
Kidole cha kwanza, cha pili, nyuma ya kidole cha pili.
Nasugua pasipoonekana.
Nasuuza mara tatu, naongeza ya nne.

Kule Kitete nesi alimvuta kope ya chini, akatazama,
akasema, "Mama, hiyo barafu si hamu.
Ni damu yako inaomba."
Akampa vidonge. Matembele, maini, vidonge,
wiki ya tatu sasa.

Mkupuo wa kwanza wa barafu nimeumwaga kwenye mchicha;
mchicha umeshangaa.
Mkupuo wa pili: ngo, ngo, ngo, vimeangukia kikapuni,
tisa, angavu, vina tundu katikati kama pete.
Nimevipanga kwenye bakuli la udongo, la wageni,
nimembebea kama mtu anayeposa upya.

Nyamizi kavitazama.
"Leo sivitamani," kasema. "Wala jana usiku.
Hukusikia kimya?
Nipikie chai."

Nimesimama mlangoni na bakuli langu linatoa jasho.
Asubuhi nzima magotini, kwa ajili ya mtu
asiyehitaji tena.
Sijawahi kukataliwa nikataka kucheka hivi.

Chai iko jikoni, inachemka.
Nimechukua kimoja, nimekitia mdomoni.
Siki hakuna. Chumvi hakuna.
Maji tu,
yamesimama kidogo, kisha yakaenda.